Lebo za spini: Njuga zinazofichua mwendo wa DNA na RNA

KATIKA vitabu vingi vya Biolojia, DNA huchorwa kama ngazi iliyosokotwa, imesimama wima na kutulia tuli kama mnara. Mchoro huo si wa uongo, lakini unaficha nusu ya habari. Ndani ya seli hai, ngazi hiyo haitulii hata kwa kitambo kidogo. Hupinda, hujinyoosha, hukaza na kulegea, na vipago vyake hufunguka na kufungika tena. RNA, ambayo ni nduguye DNA, ina vituko zaidi kwa kuwa mara nyingi ni uzi mmoja tu unaojikunja wenyewe kwa maumbo ya kila aina.

Huenda msomaji akauliza: mwendo huo una faida gani kwetu? Jibu ni kwamba asidi nukleiki, yaani DNA na RNA, hufanya kazi kwa kujongea. Protini inayosoma jeni hulazimika kuipinda DNA au kuifungua. Baadhi ya dawa za saratani hufanya kazi kwa kujipenyeza baina ya vipago viwili, na hilo haliwezekani bila vipago hivyo kuachana kidogo. Virusi vya Ukimwi navyo hutegemea kipande kidogo cha RNA ambacho hubadilisha umbo kinaposhikwa na protini. Anayeyajua maumbo peke yake bila kuujua mwendo ni kama aliyetazama picha ya harusi: atawajua waliohudhuria, lakini hatajua nani alicheza na nani alikaa kitini usiku kucha.

Tatizo ni jinsi ya kuuona mwendo huo. Unene wa DNA ni takriban nanomita 2, na nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Darubini ya kawaida haina lolote la kusema hapo. Mbinu ya kupiga eksirei kwenye fuwele imetupa michoro mingi tunayoijua, lakini ndani ya fuwele molekuli zimepangwa na kubanwa kama mahindi katika gunia. Isitoshe, mijongeo yenyewe hutukia katika muda wa nanosekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni moja.

Ndipo zinapoingia lebo za spini.

Hebu msomaji avute taswira ya ngoma inayochezwa usiku wa giza totoro. Huwaoni wachezaji. Lakini mmoja wao amefungwa njuga kifundoni. Kwa kusikiliza njuga hizo tu, utajua anapopiga mguu kwa kasi, anapopunguza mwendo, na anaposimama. Lebo ya spini ni njuga ya aina hiyo. Ni molekuli ndogo inayofungwa mahali maalumu kwenye DNA au RNA, kisha mtafiti hukaa na kuisikiliza.

Kinachosikika ni elektroni. Kila elektroni ina sifa iitwayo spini, ambayo huifanya iwe kama sumaku ndogo mno. Katika molekuli nyingi, elektroni hukaa mbili mbili, na sumaku zao hukabiliana na kufutana. Kwa sababu hiyo DNA na RNA zenyewe ni kimya. Ukitia ndani yake elektroni moja isiyo na mwenzi, hiyo ndiyo sauti pekee itakayosikika, hata kama molekuli nzima ina maelfu ya atomu.

Kwa kawaida molekuli yenye elektroni pweke ni hatari. Hushambulia chochote kilicho karibu ili kupata mwenzi, na haidumu. Kwa hiyo wanakemia walihitaji ile iliyo pole. Waliipata katika kundi la nitroksidi, ambamo elektroni hiyo hugawanywa baina ya atomu ya naitrojeni na ya oksijeni zilizoshikana. Pembeni mwake husimamishwa vikundi vinne vya methili, mithili ya walinzi wanne wa lango, ili kuzuia molekuli nyingine kusogea. Mfano maarufu ni TEMPO, iliyotengenezwa na Lebedev na Kazarnovsky katika Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1960. Ni fuwele zenye rangi ya chungwa iliyokolea, na zinaweza kuwekwa katika chupa rafuni bila kuharibika. Kwa kitu chenye elektroni pweke, huo ni upole wa ajabu.

Chombo cha kusikilizia nacho kilikuwapo tayari. Mnamo 1944, wakati Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, mwanafizikia Yevgeny Zavoisky wa Chuo Kikuu cha Kazan nchini Urusi aligundua kwamba elektroni pweke zilizo ndani ya uga wa sumaku hunyonya mawimbi ya redio ya masafa maalumu. Mbinu iliyotokana na ugunduzi huo hujulikana kote kwa herufi EPR.

Katika maabara ya leo, matone machache ya sampuli hutiwa katika mrija mwembamba wa kioo na kuwekwa baina ya ncha mbili za sumaku. Uga wa sumaku hiyo huwa karibu tesla 0.34, ambao ni takriban mara 10,000 ya uga wa dunia hapa kwetu karibu na ikweta. Kisha hurushwa mawimbi ya mikrowevu ya gigahezi 9.5 hivi, karibu mara nne ya masafa yanayotumika katika oveni ya jikoni. Uga ukifikia kiwango kinachofaa, elektroni hunyonya mawimbi na kupinduka, na mashine huchora mstari. Kwa nitroksidi mistari huwa mitatu, kwa sababu kiini cha naitrojeni pia ni sumaku ndogo inayoweza kukaa katika hali tatu, na kila hali huongeza au kupunguza kidogo uga unaoifikia elektroni.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo: mistari mitatu inatuelezaje kuhusu mwendo?

Siri ni kwamba nitroksidi haina sura moja kwa sumaku. Ikielekea upande mmoja, mistari huachana kwa umbali wa gausi 34 hivi. Ikigeuka ubavu, huachana kwa gausi 6 tu. Mfikirie feni ya dari. Ikiwa imesimama, waona kila ubapa na mahali ulipo. Ikizunguka kwa kasi, mapanga yote huungana na kuwa duara moja la ukungu. Vivyo hivyo, lebo inayogeukageuka kwa kasi katika maji huchanganya pande zake zote, na mashine huona wastani tu: mistari mitatu myembamba, iliyochongoka, yenye umbali wa gausi 15 au 16 baina yake. Lebo iliyokwama huonyesha pande zake zote kwa pamoja, na mchoro hutandazika na kuwa mpana. Baina ya hali hizo mbili kuna michoro ya kila kadiri, na umbo la kila mmoja hueleza kasi ya mgeuko na pia upana wa pembe ambayo lebo inaruhusiwa kugeukia.

Bahati njema ni kwamba EPR ya kawaida hutambua mijongeo inayochukua kuanzia sehemu ndogo ya nanosekunde hadi takriban nanosekunde 1,000. Hapo ndipo herufi za DNA na RNA hutikisika. Kadhalika ukubwa wa molekuli si kikwazo. Mbinu ya NMR, ambayo ni hodari sana kwa molekuli ndogo, hupata taabu molekuli inapokuwa kubwa, lakini anayesikiliza njuga hajali ukubwa wa mchezaji.

Wazo la kuzifunga molekuli za uhai lebo hizo lilitoka kwa Harden McConnell wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake mnamo 1965. Si wengi wanaokumbuka kwamba mwaka uo huo McConnell na Shun-ichi Ohnishi walikuwa wamekwisha kuigusa DNA kwa njia hiyo. Hawakutumia nitroksidi bali klorpromazini, dawa ya maradhi ya akili, iliyoondolewa elektroni moja ili ibaki na nyingine pweke, wakachunguza jinsi inavyoshikamana na DNA.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupapasa. Katika miaka ya 1970, watafiti kama Albert Bobst wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walizifunga lebo nyuzi ndefu za asidi nukleiki, lakini lebo zilijishika ovyoovyo, hapa na pale. Ulikuwa sawa na kusikia njuga za wachezaji kumi pasipo kujua ni za nani. Mambo yalibadilika kemia ilipopata njia ya kuiunda DNA herufi baada ya herufi kwa mashine, katika miaka ya 1980. Tangu hapo iliwezekana kuamua kwamba lebo itakaa kwenye herufi ya saba wala si ya nane.

Lakini palibaki tatizo jingine, na kwa maoni yangu hili ndilo gumu kuliko yote. Njuga ikifungwa kwa kamba ndefu, hucheza ngoma yake yenyewe. Mchezaji anaweza kuwa amesimama, nayo bado inaning'inia na kulia. Lebo nyingi hufungwa kwa minyororo ya atomu inayopindika kwa urahisi, hivyo mtafiti huona mwendo lakini hajui ni wa DNA au wa kamba.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuikaza kamba. Mnamo 1988, Spaltenstein, Robinson na Hopkins wa Chuo Kikuu cha Washington jijini Seattle walieleza lebo iliyoungwa na herufi ya DNA kwa kiungo cha atomu mbili za kaboni zilizoshikana mara tatu. Kiungo hicho ni kigumu na kimenyooka kama mpini wa jembe. Hata hivyo, lebo bado iliweza kujizungusha juu ya mhimili wa mpini huo. Paul Hopkins na wenzake wakaenda mbali zaidi miaka ya 1990: waliunda herufi mpya inayofanana na saitosini, ambayo ndani yake nitroksidi imeungwa moja kwa moja katika mapete ya herufi yenyewe. Hapo hakuna kamba tena. Njuga imekuwa mfupa wa mguu.

Herufi hiyo huandikwa Ç, yaani C yenye mkia. Snorri Sigurdsson wa Chuo Kikuu cha Iceland na wenzake waliiboresha, na mwaka wa 2007 walieleza sifa yake ya kushangaza: nitroksidi ikinyang'anywa elektroni yake pweke kwa kupewa mwenzi, herufi hiyo huanza kung'aa inapomulikwa. Mashine ya EPR inapoacha kuisikia, macho huanza kuiona.

Kwa lebo ngumu za namna hii, kundi la Bruce Robinson lilipima jinsi DNA inavyopinda katika vipande vya urefu na mpangilio tofauti wa herufi. Tokeo moja lastahili kutajwa. Uti wa DNA una vikundi vya fosfeti vyenye chaji hasi, ambavyo husukumana. Mnamo 2002 watafiti hao walitengeneza DNA ambayo baadhi ya fosfeti zake zilikuwa zimeondolewa chaji hiyo, wakapima mwendo wake. Wengi wangedhani kwamba jambo hilo halingeathiri sana ugumu wa ngazi. DNA hiyo ilikuwa nyepesi zaidi kupinda. Protini zinazoishika DNA mara nyingi huwa na chaji chanya, ambayo huifuta chaji ya fosfeti mahali zinapogusana. Kumbe protini hailazimiki kutumia nguvu nyingi kuipinda DNA. Inapoishika tu, huilegeza.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu ni ule wa virusi vya HIV. Jenomu ya virusi hivyo ni RNA, na mwanzoni mwa uzi huo pana kipande cha herufi 59 kiitwacho TAR. Kipande hicho hujikunja na kurudi nyuma, kikawa shina lenye kitanzi juu yake. Katikati ya shina pana kinundu kidogo cha herufi tatu zisizo na wenzi upande wa pili: urasili, saitosini, urasili, nambari 23 hadi 25.

Kinundu hicho kidogo ni jambo kubwa. Protini ya virusi iitwayo Tat hukishika, na kwa kufanya hivyo huleta wasaidizi wanaoiwezesha mashine ya kunakili jeni kuendelea na kazi hadi mwisho. Bila Tat, mashine huanza kunakili, ikasita na kuachia njiani. Virusi hubaki vimelala.

Mwaka wa 2001, Thomas Edwards, Sigurdsson na wenzao walichapisha matokeo ya kufunga lebo za spini kwenye TAR. Walitengeneza RNA ya aina nne, kila moja ikiwa na njuga moja tu: kwenye herufi ya 23, ya 25, ya 38 au ya 40. Lebo ilishikizwa kwenye sukari ya herufi husika. Kila mahali palikuwa na mwendo wake. Watafiti walipotia chumvi za metali, au molekuli ndogo zinazojulikana kushika TAR, michoro ilibadilika kwa namna tofauti katika kila moja ya nafasi hizo nne. Ukiyatazama mabadiliko hayo manne kwa pamoja, unapata kitu kama alama ya vidole inayotambulisha mgeni aliyeingia.

Tat inapofika, herufi ya 23 huondoka kwenye kinundu na kwenda kuungana na jozi ya herufi 27 na 38, zikawa tatu zilizoshikana. Ndiyo maana njuga za nafasi ya 23 na ya 38 ndizo zenye habari nyingi. Mwaka wa 2005 Edwards, Robinson na Sigurdsson walichukua kipande cha Tat na kubadilisha asidi amino zake zilizo kandokando ya arginini moja muhimu. Kugeuza arginini kuwa laisini upande wa mwanzo wa mnyororo hakukubadilisha mwendo wa RNA mahali inapokutana na protini. Upande wa mwisho mambo yalikuwa tofauti. Mabadiliko ya huko, hasa katika nafasi ya 56, yaliugusa mwendo wa herufi za 23 na 38.

Maana yake ni kwamba kushikana si suala la ndiyo au la. Kuna kushikana kwa kukaza na kushikana kwa kulegea, na picha ya mnato haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Dawa za ARV zinazotolewa hospitalini hushambulia hasa vimeng'enya vya virusi. Hakuna inayolenga TAR. Wanakemia wametafuta kwa miaka mingi molekuli itakayoikaza RNA hiyo isiweze kupokea Tat, na ugumu mmojawapo ni huohuo wa kulenga kitu kisichotulia.

Njuga mbili zikifungwa kwenye molekuli moja, habari huongezeka. Elektroni mbili pweke husikiana kama sumaku mbili, na nguvu ya kusikiana hupungua mara nane kila umbali unapoongezeka maradufu. Milov, Salikhov na Shirov wa Novosibirsk walibuni mwaka wa 1981 mbinu ya kupima nguvu hiyo kwa mapigo mafupi ya mikrowevu. Huitwa PELDOR au DEER, na hupima umbali wa kuanzia nanomita 2 hivi hadi 8, ambao ndio urefu wa vipande vya DNA na RNA vinavyochunguzwa sana.

Vipimo hivyo kwa kawaida hufanywa sampuli ikiwa imegandishwa hadi karibu nyuzi 220 za selsiasi chini ya sufuri. Msomaji makini atapinga: mwendo gani utapimwa kwenye barafu? Ni kweli kwamba wachezaji wamegandishwa. Lakini kila mmoja ameganda katika pozi lake, na wako mabilioni kwa mabilioni. Ukipima umbali wa wote, mtawanyiko wa vipimo hueleza jinsi ngoma ilivyokuwa kabla ya baridi kuingia.

Mnamo 2011, kundi la Thomas Prisner wa Chuo Kikuu cha Goethe jijini Frankfurt, Ujerumani, likishirikiana na Sigurdsson, lilitumia jozi za Ç kwa njia hiyo. Kwa kuwa lebo hizo hazina kamba, waliweza kujua umbali na pia jinsi lebo moja ilivyoielekea nyingine. Waligundua kwamba DNA hupumua: kurefuka kwake na kusokotwa kwake huenda pamoja, na unene wake hubadilika. Ikirefuka hukonda, ikifupika hunenepa, mithili ya kikapu cha ukindu kinachovutwa ncha zake.

Mwaka huohuo, makundi mawili ya Ujerumani yalipima umbali huo ndani ya seli zenyewe. Walidunga asidi nukleiki zenye lebo katika mayai machanga ya Xenopus laevis, chura mwenye kucha anayetoka kusini mwa Sahara, wakayagandisha na kupima. Shida iliyojitokeza ni muda. Ndani ya seli mna vitu vingi vinavyoipa nitroksidi elektroni ya pili na kuinyamazisha, mojawapo ikiwa vitamini C, ileile iliyomo katika mapera na machungwa. Lebo ya kawaida huanza kunyamaza baada ya dakika, si saa. Wanakemia wamejibu kwa kubadilisha wale walinzi wanne wa lango: mahali pa methili wameweka ethili, ambayo ni kubwa zaidi na huziba njia vyema. Wengine wameiacha nitroksidi kabisa na kutumia madini ya gadolinia.

Pana pia swali ambalo kila mtafiti wa fani hii huulizwa: je, njuga haimsumbui mchezaji? Humsumbua, kwa kiasi. Ndiyo maana kabla ya kuamini matokeo, hupimwa kwanza joto linaloachanisha nyuzi mbili za DNA yenye lebo na ya ile isiyo nayo. Tofauti ikiwa kubwa, lebo huhamishwa mahali pengine.

Katika miaka ya karibuni mbinu hii imefika kwenye CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni ambayo hapa nchini watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wameitumia kutafuta mtama unaolistahimili gugu la Striga. Protini ya Cas9 haiwezi kukata DNA kabla ya kuifungua vipago. Kundi la Peter Qin wa Chuo Kikuu cha Southern California lilifunga lebo za spini kwenye DNA ya aina hiyo, kwenye fosfeti za uti, na mwaka wa 2017 likaripoti kwamba limeunasa ufunguzi huo: RNA elekezi inapokutana na herufi zinazooana nayo, nyuzi mbili za DNA huachana, na njuga zilizofungwa mahali hapo hubadilisha mlio.